Kiinua Mgongo Kina Wenyewe

Ukikaribia umri wa miaka 60 katika utumishi wa serikali ya Kenya, watu huacha kukuuliza habari za afya yako. Huuliza, "Sasa mzee, ukitoka utafanya nini?" Na kabla hujafungua kinywa wameshajibu wenyewe. Jibu lao huwa na banda, huwa na miche, huwa na mashine inayoagizwa kutoka China, na mwishoni huwa na mpwa wa huyo muulizaji, kijana ambaye kwa sasa hana kazi lakini ni mwaminifu ajabu.

Mimi ni karani. Nimepanga majalada, nimepiga chapa na kugonga mihuri mjini Embu tangu mji huu ulipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa ulionyooka kutoka Ukambani hadi Moyale, na faili la mtu wa Marsabit halikuwa na budi kusafiri mpaka kwetu kutafuta sahihi. Mwaka 2013 mikoa ikapisha kaunti, wakubwa wakabadilishiwa vyeo, mimi nikabaki na kabati lile lile na ufunguo wake uliopinda. Kwetu ni Meru, upande wa Imenti, juu ya Nkubu. Mke wangu ni wa Mbeere, kule chini kwenye joto na mawe. Nayataja haya mapema ili ieleweke kwamba ushauri unanijia kutoka juu na kutoka chini, na kwamba pande hizo mbili hazijakubaliana juu ya jambo lolote tangu siku ya mahari.

Tuanze na pesa zenyewe, maana uongo wote huanzia hapo. Zamani tungeenda nyumbani na miaka 55. Mwaka 2009 serikali ikatuongezea 5, nasi tukaitafuna kwa karo. Wengi wetu tuliokuwa tumepita miaka 45 mpango mpya wa kuchangia pensheni ulipoanza Januari 2021 tulibaki kwenye mpango wa zamani, na hesabu yake si siri. Chukua karani mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 48,000 na miaka 30 ya kazi, yaani miezi 360. Zidisha mshahara kwa miezi, gawa kwa 480: pensheni yake ni 36,000 kwa mwezi. Akikubali kukatwa robo, robo hiyo hulipwa kwa mkupuo kana kwamba ni ya miaka 20, na hapo anapata shilingi 2,160,000. Kinachobaki ni 27,000 kila mwezi mpaka Mungu amwite.

Hiyo ndiyo hesabu ya ofisini. Kijiji nacho kina hesabu yake. Kijijini mimi napokea milioni kumi. Binamu yangu mmoja, aliyewahi kukaa dawati moja na mtu ambaye baadaye aliajiriwa benki, anasema ni kumi na mbili na kwamba nazificha. Kwa hiyo nikipita njiani hawamwoni mtu. Wanaziona milioni kumi zikitembea kwa viatu vilivyotobolewa na kokoto, na wanaona uchungu kwamba haziwekezwi.

Mwajiri naye hakutuacha bila mwongozo. Tulipelekwa semina ya kujiandaa kustaafu. Mtoa mada alikuwa kijana wa suti ya kubana ambaye, kwa kumtazama, alikuwa amebakiza miaka 30 hivi kabla ya kujiandaa kwa chochote. Akatuonyesha picha za uyoga. Uyoga, alisema, hauhitaji shamba. Unahitaji chumba chenye giza, unyevu na utulivu. Mwenzangu wa masjala akaninong'oneza kwamba tumefanya kazi ndani ya chumba cha namna hiyo maisha yetu yote na hakuna kilichoota.

Nikainua mkono. "Mwalimu, ni nani hapa Runyenjes anayenunua uyoga?"

"Mzee, soko liko," akasema, akaenda kwenye picha nyingine.

Soko liko! Nimelisikia neno hilo mpaka masikio yameota sugu. Soko la uyoga liko. Soko la sungura liko. Soko la mkojo wa sungura, ambao tuliambiwa ni mbolea na ni dawa ya wadudu, nalo liko. Haliko Gakoromone ambako mama zangu huuza viazi na kabichi, haliko kwenye soko la Embu, haliko Ishiara siku ya mnada wa mbuzi. Liko tu, mahali fulani, pengine ng'ambo, na aliyelifikia hajarudi kutueleza njia.

Tukirudi nyumbani, mambo huwa makali zaidi. Upande wa Meru nina binamu Igembe, na mtu wa Igembe hawezi kukushauri kitu kingine ila miraa. Upande wa mke wangu wanalima muguka. Tulipowakutanisha mezani siku ya sherehe ya mtoto kufuzu, sahani hazijapoa, wakaanza.

"Shemeji," akasema kaka wa mke wangu, "muguka haukungojeshi. Unachuma, unapalilia, unachuma tena. Ukistaafu leo, wiki ijayo unapokea."

Binamu yangu akasafisha koo. "Hayo ni majani ya mbuzi. Miraa ndiyo mali. Miraa inaingia kwenye posa, inaingia kwenye vikao vya wazee. Umeona wapi mtu akiposa kwa muguka?"

"Tunaposa kwa pesa za muguka," akajibu shemeji.

Wakaendelea hivyo mpaka chai, kila mmoja akiliita jani lake zao na la mwenzake dawa ya kulevya. Kisheria wote wawili ni wakulima, maana kanuni za miraa za mwaka 2023 zinayatambua majani yote mawili. Lakini karani hakosi tarehe kichwani, nami nikawasomea zangu. Uholanzi ilifunga mlango wa miraa mwaka 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014, na Laare na Maua zikalala njaa. Somalia ikazuia ndege Machi 2020, na mzigo haukuingia tena Mogadishu kihalali hadi Julai 2022. Binamu akatazama mchuzi wake. Shemeji alipoanza kucheka nikamkumbusha Mei 2024, gavana wa Mombasa alipopiga muguka marufuku, Kilifi nayo ikamuunga mkono, magari yakageuzwa njiani na majani yakanyauka kwenye magunia mpaka Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha amri hiyo.

Sina ugomvi na jani lolote. Jani linalosomesha watoto wa Maua na wa Kiritiri halihitaji ruhusa yangu. Ila bidhaa inayokufa ndani ya siku chache, na ambayo bei yake imeshikwa na gavana wa pwani, balozi na rubani, inataka mtu mwenye moyo mchanga. Mimi moyo wangu nimeutumia kungoja mishahara iliyochelewa, na uliobaki daktari ameniomba niutunze.

Kaka yangu mkubwa yeye hana habari na kutafuna. Yeye ni makadamia. Alinishauri ning'oe kahawa ya baba nipande makadamia, tena akanipa hesabu kwenye bahasha: mti mmoja, kilo kadhaa, bei kadhaa, jumla yake nyumba ya ghorofa. Hakuandika mahali popote kwenye bahasha ile kwamba mche uliopandikizwa huchukua miaka mitatu hadi mitano kabla ya kukuonyesha kokwa la maana. Mimi nikipanda leo nitavuna nikiwa na bakora. Wala hakuandika kwamba tangu 2009 sheria ilikataza kuuza makadamia nje ya nchi yakiwa na maganda, kwamba bei iliyokuwa imezidi shilingi 100 kwa kilo ilianguka mpaka kilo ikauzwa kwa makumi tu, na kwamba mwaka 2023 serikali ililazimika kufungua dirisha la muda ili wakulima wapate pa kupumulia. Bei ilipokuwa juu, kaka alilala shambani na mbwa na tochi akilinda miti dhidi ya wezi wa usiku. Bei ilipoanguka wezi waliacha kuja. Kaka alilichukulia hilo kuwa tusi.

Sasa ameacha makadamia anazungumza parachichi aina ya Hass. Bahasha ni ile ile, amegeuza tu upande.

Wenye kumbukumbu watanisaidia hapa: mnawakumbuka kware? Ilikuwa 2013 kuelekea 2014. Ghafla nchi nzima iligundua kwamba yai la kware linatibu presha, kisukari, pumu na unyonge wa ndoa. Kwa kuwa kware ni ndege wa porini, mfugaji alihitaji leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na leseni ile iliwapa watu imani zaidi. Waliona kama serikali imeweka sahihi kwenye utajiri wao. Walimu walichukua mikopo. Wastaafu walibomoa mabanda ya ng'ombe. Mtu aliyekuwa nao aliwauza kwa jirani, jirani akaangua na kumuuzia shemeji, shemeji akamuuzia padri, na bei ikapanda kila walipobadilisha mikono. Kisha siku moja ikasimama. Wanunuzi wa kware, kumbe, walikuwa ni wale waliotaka kufuga kware, na hao walikuwa wamekwisha. Wote walikuwa nao. Tulikula kware Embu hii mpaka watoto wakaomba sukuma wiki.

Kabla ya hapo yalikuwa mabwawa ya samaki. Kuanzia 2009, katika mpango wake wa kuinua uchumi, serikali iliamua kuchimba mabwawa 200 katika kila eneobunge kati ya maeneobunge 140, kila bwawa mita za mraba 300, na vifaranga vya samaki juu yake. Nia ilikuwa njema, na Imenti Kusini wapo waliolishika jambo lile wakafuga hasa. Lakini sisi watu wa mlimani hatukulelewa kwa samaki. Jirani yetu alipowavuna wa kwanza aliwabeba ndani ya beseni, akapita nyumba hadi nyumba, na kila nyumba walitazamwa kwa heshima na kurudishwa kwa mwenyewe. Mama mmoja aliuliza wanachinjwa vipi. Bwawa lile lilirithiwa na vyura, nao wanalitumia vizuri kila msimu wa mvua.

Mtu aliyenifungua macho si mtoa mada wa semina. Ni fundi wa vizimba. Nyuma ya soko la Embu, kwenye mabati ya jua kali, nilikwenda kutafuta bawaba ya lile kabati langu, nikakuta kizimba cha ghorofa tatu kikipigwa rangi ya kijani. Chini ya kijani ilionekana buluu, na chini ya buluu palionekana mbao tupu iliyoungua jua. Nilikitazama kwa makini kwa sababu kilikuwa na mambo yasiyopatana. Sakafu yake ya waya iliinamia mbele kidogo, ya kufanya yai lijiviringishe lenyewe hadi kwenye kingo, lakini matundu ya waya wa mbele yalikuwa mapana kiasi cha kupitisha kichwa cha kuku. Mlango mmoja ulikuwa umewahi kuzibwa kwa kipande cha debe, kisha ukafunguliwa upya kwa patasi. Kwenye ubao wa chini, pale ambapo brashi haijafika, maandishi ya mkono yalisomeka bado: MAYAI YA KW.

"Fundi," nikasema, "hiki ni kizimba cha nini?"

"Inategemea mzee anafuga nini."

"Na kabla ya hapa kilikuwa cha nini?"

Akaweka brashi chini akahesabu kwa vidole vyenye rangi. Kilianza na sungura, wakati ule sungura walipokuwa nyama ya kesho. Kikawa cha kware. Kikarudi kwa sungura, ule mtindo wa mkojo. Kikakaa kwa mwalimu mmoja Manyatta kikiwa kabati la vyombo. Sasa kimetiwa waya mpya kinangoja kuku wa kienyeji walioboreshwa. Kila mara hukinunua kutoka kwa mstaafu wa mwaka juzi kwa bei ya kuni, akakipaka rangi, akamuuzia mstaafu wa mwaka huu kwa bei ya samani.

"Na wewe mwenyewe, fundi, unafuga nini?"

"Mimi? Nina paka."

Basi nikauliza mwenye kitalu cha parachichi kama ana shamba la parachichi, nikakuta ana kitalu tu. Mwenye mashine ya kuangua hafugi kuku. Anauza vifaranga vya siku moja, na kifaranga kikifa siku ya pili hiyo ni huzuni ya mnunuzi. Mwenye kuuza karatasi za plastiki za kutandika kwenye bwawa hajawahi kula samaki. Na mpwa mwaminifu, kama nilivyokwisha kusema, anauza uaminifu wake. Tangu hapo mtu akinishauri biashara namuuliza swali moja tu: wewe hapo katikati unauza nini? Wengi hunyamaza, wakanywa chai, wakaaga. Kwa maana biashara ipo, ina wateja, ina faida na soko lake liko kweli. Bidhaa yenyewe ni mimi.

Usidhani kwamba nimedharau kila kitu. Bodaboda niliifikiria. Tangu 2008 serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, zimejaa kila kona, na aliyenishauri alisema ninunue moja nimkabidhi kijana aniletee hesabu kila jioni. Wenye pikipiki wanaijua hesabu hiyo. Wiki ya kwanza huja pesa. Wiki ya pili huja maelezo. "Mjomba, jana ilinyesha." "Mjomba, juzi tulikuwa na matanga." "Mjomba, polisi walikuwa barabarani." "Mjomba, mnyororo." Mwisho huja mjomba mwingine, mzaa kijana, kukuuliza kwa nini unamsumbua mtoto wa watu.

M-Pesa nayo, tangu ilipoanza 2007, imetoa ajira kwa wengi, lakini pita Makutano pale Meru uone: unaweza kuweka pesa kwa huyu, kuzitoa kwa yule na kuzituma kwa wa tatu bila kuvuka barabara. Ukitaka kuwa wa nne lazima uwe na pesa zilizolala ndani ya simu na nyingine zilizolala ndani ya droo, zote zikisubiri mteja, na kamisheni yake ni ya kuchungulia kwa miwani. Kinyozi nilikataa upesi. Mimi kichwani sina kitu, na mteja akiniona atadhani ndiyo kazi ya kwanza niliyofanya.

Mke wangu ndiye peke yake aliyetoa wazo la mtu mzima. Alisema mashine ya kusaga. Watu wanakula ugali na uji kila siku, wanakuja na gorogoro zao, unapima, unasaga, unalipwa hapo hapo, huna mkopo wala majani ya kunyauka. Nilikwenda kuangalia. Umeme wa njia tatu una gharama yake, mota ina gharama yake, vumbi linataka kifua chenye nafasi. Hayo yote yangevumilika. Tatizo ni kwamba kwenye kituo chetu tayari kuna mashine mbili zinazotazamana, na wenyewe hawajasalimiana tangu wa pili afungue. Nikifungua ya tatu itabidi nihamie kanisa jingine.

Kwa hiyo nimeamua, na nyumbani uamuzi wangu haujapokelewa kwa vigelegele. Nitaweka meza.

"Mzee," akasema mke wangu, "umekaa mezani maisha yako yote. Sasa unastaafu ili ukae mezani?"

Ndiyo. Nitaeleza. Katika kaunti hizi mbili sijaona kitu ambacho watu hukitafuta kwa jasho zaidi ya karatasi. Mtu akifiwa na baba, mirathi haianzi mpaka barua ya chifu ipatikane. Akitaka kuuza robo eka, lazima idhini ya bodi ya ardhi. Mwenye nambari ya kodi, hata kama hana senti, hutakiwa kuwasilisha taarifa ya mapato kabla ya Juni 30 kuisha. Na mtumishi anayestaafu hudaiwa barua yake ya kwanza ya kuajiriwa, ile ya miaka ya themanini, pamoja na ile ya kuthibitishwa kazini. Mwenzangu mmoja wa Chuka aliihifadhi vizuri sana barua hiyo, ndani ya sanduku la mbao, na mchwa wakaihifadhi zaidi.

Wataniambia vijana wa saiba wanafanya kazi hiyo. Wanafanya, na kwa kasi. Kijana hubofya, hubofya, hubofya, kisha anamwambia mama wa watu, "Imekataa." Mama anarudi Siakago kwa nauli ya pili bila kujua imekataa nini. Mimi nikilitazama faili lile nitamwambia: imekataa kwa sababu hati miliki inasema Njeru na kitambulisho kinasema Njiru, na kwa serikali hao ni watu wawili, mmoja mweupe na mwingine mweusi, na panahitajika hati ya kiapo kuwaunganisha. Kwa kosa la herufi moja nimeona mashamba yakilala kwenye makabati miaka na miaka. Baadhi ya makabati hayo ufunguo wake ninao mimi.

Mtaji wake haumtishi mtu. Meza, viti viwili, mwavuli mkubwa, stepla, wino wa muhuri, karatasi na kalamu mbili, moja ya kuazimwa isirudi. Kuna leseni ya biashara ya kaunti, nitailipia mapema nisicheze kibemasa na askari wa kaunti na mwavuli begani. Kodi ile ya mauzo ya asilimia 3 inamhusu aliyepitisha shilingi milioni 1 kwa mwaka. Siku nikiifikia nitailipa nikiimba.

Shemeji ameniambia meza haichumwi mara mbili. Binamu wa Igembe amesema meza haiingii kwenye posa. Kaka ametoa bahasha akapiga hesabu: barua moja, shilingi kadhaa, wateja kadhaa, jumla yake nyumba ya ghorofa, na ameniuliza kama anaweza kuweka yake kando ya yangu.

Na aliye makini ameshaona kwamba wateja wangu wa kwanza watakuwa wastaafu. Sikatai. Nitakula kwa wastaafu, kama fundi wa vizimba anavyokula. Tofauti ni kwamba karatasi yangu haihitaji kulishwa, haiugui, na gavana wa Mombasa hana shida nayo.

Kwa hiyo wewe unayetoka mwaka huu au mwaka ujao, ukiwa Embu, nitafute karibu na steji ya magari ya Runyenjes, chini ya mwavuli wa kijani. Njoo na nakala ya kitambulisho, barua yako ya kwanza ya kuajiriwa ikiwa mchwa wamekuachia chochote, na shilingi 200. Ushauri wa biashara sitoi.